Uzinduzi wa Simu ya Faraja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo hiki cha Usanifu na Michoro, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye naona amekalia kiti cha Mwenyekiti, lakini hilo tutalizungumza pembeni, Wakuu wa Idara, Wakuu wa Idara Ndogo, na wale mnaokaimu ukuu wa idara ambazo bado hazijaundwa, ndugu Mwalimu wa Michoro, wanafunzi wabunifu, wazazi na walezi mliofika, na ninyi mlioleta udhuru, fundi mitambo, ambaye namwomba apunguze huu mvumo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna ambaye hajazingatiwa, basi ajizingatie mwenyewe.

(Makofi. Fundi mitambo anapunguza mvumo, sauti nayo inapotea. Anaurudisha mvumo.)

Kimsingi, nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha kubwa, furaha ambayo kwa mujibu wa ratiba ilipaswa kuanza saa nne na nusu, na ambayo kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa ofisi yangu, yaani mimi kuchelewa, imeanza saa tano na nusu, ili kuuzindua rasmi, kwa mamlaka niliyopewa kama Mratibu Mkuu wa Mambo Mtambuka, mradi ambao mfano wake haujawahi kuonekana popote, nao si mwingine bali ni Simu ya Faraja. Simu ya Faraja ni nini? Ni nambari, nambari moja yenye tarakimu kumi, iliyochapwa kwenye bango lililobuniwa na wanafunzi wa chuo hiki, ili mtu yeyote aliyelemewa na mawazo, anayeona kila mlango umefungwa, na hata yule anayefikiria lile jambo ambalo kamati yangu ya istilahi imependekeza tuliite kujiondoa kusikoratibiwa katika orodha ya wananchi...

(Mwalimu wa Michoro, kutoka mstari wa mbele: "Kujiua, mheshimiwa. Sema kujiua. Tukilizungukia neno, mwenye nalo moyoni atajuaje kwamba tunamwambia yeye?")

Hoja imepokelewa, mwalimu, na itapelekwa kwenye kamati. Haya. Kujiua. Nimelisema, na paa halijaanguka. Basi mtu huyo apige nambari hiyo, apokelewe na mtu, asikilizwe, asiachwe peke yake. Huo ndio mradi kwa ufupi, na sasa nitaueleza kwa urefu.

(Miguno.)

Lakini kabla sijaingia kwenye kiini, na ili kuipa Simu ya Faraja heshima inayoistahili, naagiza kila aliyemo humu ndani azime simu yake.

(Simu zinazimwa. Kikaratasi kilichokunjwa mara nne kinapelekwa jukwaani.)

Nimeletewa kikaratasi. Mimi ni kiongozi wa uwazi, nitakisoma kama kilivyo. "Mheshimiwa, tafadhali mruhusu mama anayefagia darasa letu asizime simu. Kuna binti humpigia kila siku saa sita. Juzi hakupiga, jana hakupiga. Mama ana wasiwasi naye sana. Wako, Mwalimu wa Michoro." Sawa. Mama, nakuona hapo mlangoni na ufagio wako. Kazi yako ni nzuri, ukumbi unang'aa, nimeteleza mara mbili nikija hapa. Lakini sheria ni msumeno, mama, na mambo ya mabinti na mashangazi yatangoja shughuli ya taifa iishe.

(Mama Mfagizi: "Siizimi, mheshimiwa." Vicheko. Mama hacheki.)

Basi ulegezwe msumeno kidogo, maana mimi si mtu wa kukwaruzana na wazazi. Isilie, itetemeke tu. Tuendelee.

Ndugu zangu, wengi mnajiuliza usanifu unahusianaje na afya ya akili. Mimi pia niliuliza. Nilipoletewa wazo hili na Mwalimu wa Michoro nilimwambia, mwalimu, mchoro ni mchoro, huzuni ni huzuni, kila mbuzi na kamba yake. Akaniambia kwamba darasani kwake mwanafunzi hashiki penseli kabla hajakaa na mtu atakayekitumia kile kitu, akamuuliza, akanyamaza, akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema mtu aliyefundishwa hivyo miaka miwili anakuwa mtu wa kufaa hata pasipo na penseli. Akanionyesha benchi walilochonga la uani, lenye viti viwili vilivyogeuziana bega, kwa sababu mtu husema la moyoni kwa urahisi asipotazamwa usoni. Nikalikalia. Ni benchi zuri. Nikalielewa mara moja, nikaliita kwa jina lake la kitaalamu, dizaini thinkingi, ambayo ni holistiki aprochi ya kuwaleta mastekholda wote kwenye platifomu moja ili maindseti zao zifanyiwe alainimenti. Mwalimu alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani aliguswa.

(Kikohozi kirefu kutoka mstari wa mbele.)

Mchoro wa kwanza wa bango ulifanywa na mwanafunzi ambaye wenzake wanamwita Kifutio, kwa sababu hufuta kuliko anavyochora. Simama Kifutio, watu wakuone. Keti, wamekuona. Bango lake lilikuwa na maneno machache tu: "Umelemewa? Hauko peke yako. Piga, kuna mtu." Chini yake ile nambari. Halafu karatasi nyeupe, tupu kabisa, hadi chini. Nikamuuliza, binti yangu, hapa palipo patupu pana kazi gani? Akasema, "Hapo macho yanapumzika, mheshimiwa. Mtu aliyechoka hawezi kusoma vingi." Majibu ya utoto. Nikaunda kamati.

Kamati yangu ilikaa vikao arobaini na vitatu. Tulijadili rangi kwa miezi miwili. Buluu ilikataliwa kwa kuwa inahuzunisha, njano ikakataliwa kwa kuwa inafurahisha kupita kiasi na inaweza kuleta matarajio, nyekundu hatukuthubutu kuigusa, na hatimaye, kwa kura tisa dhidi ya nane, tukapata kijivu chenye matumaini. Pale palipokuwa patupu tukaweka nembo saba za wadau, na juu ya nembo, kwa shinikizo la wajumbe na si kwa kupenda kwangu, picha yangu. Nilikataa mara tatu. Mara ya nne nilikuwa nimeshapigwa.

(Makofi kutoka meza kuu.)

Na nisiwe mnafiki wa kuficha mchango wangu binafsi katika usanifu wenyewe. Katika kona ya chini ya mchoro kulikuwa na maandishi madogo ya penseli, madogo kama sisimizi, yakichafua mandhari. Miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani, lakini uchafu huonekana hata bila miwani. Nikaagiza, futa hayo. Kifutio akaanza kubishana, mimi nikamwambia, binti, jina lako ndilo kazi yako, futa. Hakufuta. Nikafuta mwenyewe, kwa mkono huu, na bango likapendeza papo hapo.

(Kifutio anasimama tena. Mwalimu anamvuta sketi, anaketi.)

Miezi kumi na moja iliyopita, wakati tukisubiri tarehe ya uzinduzi yenye hadhi, tulisambaza mabango elfu sita kwa majaribio: zahanati, masoko, vituo vya mabasi, milango ya vyoo vya shule. Na matokeo? Takwimu zinaonyesha kwamba asilimia mia na nne ya walengwa wamefikiwa. Aliyeuliza zile nne zimetoka wapi ni nani? Ni watu waliofikiwa mara mbili.

Mtasema, huyu ni mtu wa makaratasi, hajui kinachoendelea chini. Mnanikosea. Mimi binafsi niliikagua huduma hii. Ilikuwa Jumapili mchana. Tangu mama watoto atangulie mbele za haki, na watoto nao wana maisha yao, nyumba yangu Jumapili ina utulivu mwingi, utulivu unaofaa kwa kazi za ukaguzi. Nikavua miwani, nikapiga ile nambari. Sikujitambulisha. Kwa madhumuni ya ukaguzi, nilijifanya mtu mwenye huzuni. Nilijifanya vizuri sana.

Simu ililia mara mbili tu, ikapokelewa na afisa mmoja, mwanamke, sauti ya taratibu, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Umekula?" Ndugu zangu, swali hilo halimo kwenye mwongozo wetu wa kurasa mia mbili na kumi! Nikajibu, kwa madhumuni ya ukaguzi, kwamba sijala tangu jana. Akasema, "Nenda jikoni, baba. Mimi nakusubiri hapa hapa." Nikaenda. Nikachemsha mayai mawili. Afisa akasubiri mpaka yakaiva! Ninyi mmewahi kuona wapi katika ofisi zetu, afisa anamsubiri mwananchi? Halafu akaniuliza waziwazi, bila kupapasa, kama nimewahi kufikiria kujiua. Nikajibu... kimsingi, majibu ya mkaguliwa ni siri ya ukaguzi. Ila alinisikiliza, hakushtuka, hakunihubiria, na kabla ya kuagana akanipa siku na saa ya kwenda kumwona muuguzi wa zahanati. Ukaguzi huo ulichukua saa moja na dakika ishirini. Na kwa kuwa sampuli moja haitoshi kitakwimu, nimekagua kila Jumapili tangu hapo.

(Vicheko vichache. Vinakatika.)

Niliandika barua afisa huyo apandishwe daraja. Ofisi ya Utumishi imemtafuta miezi mitano, haijamwona kwenye orodha yoyote. Huo ndio unyenyekevu wa watumishi wetu! Kwa hiyo leo, mbele yenu, nakipongeza chuo hiki kwa kukiendesha kituo chetu cha kupokelea simu kwa weledi mkubwa namna hii.

(Mwenyekiti wa Bodi: "Sisi? Mheshimiwa, sisi hatuendeshi kituo chochote. Tulidhani kiko kwenu.")

Kwetu? Kwetu kuna muundo wa kituo. Kuna mchoro wa kituo, wenye viti kumi na viwili vya kuzunguka na mtambo wa kupozea maji, niliousaini mwenyewe. Nikipenda naweza kuwaonyesha mchoro. Lakini kituo chenyewe, kwa mujibu wa waraka wa pamoja, kilikuwa kwenu.

(Mwenyekiti: "Waraka haukutufikia." Makamu Mwenyekiti anamnong'oneza kwamba ulifika, ndio uliokunjwa kuzuia dirisha lisigonge.)

Basi tusishikane mashati mbele ya wageni. Simu zinapigwa, simu zinapokelewa, mimi ni shahidi, kwa hiyo kituo kipo. Lisemwalo lipo, na kama halipo... Hiyo ni nini inayonguruma? Nilisema simu zizimwe! Fundi, ni mvumo wako huo?

(Si mvumo. Ni saa sita kamili, na simu ndogo ya kubonyeza inatetemeka juu ya benchi la mbao karibu na mlango, kama nyuki ndani ya debe. Mama Mfagizi ameikwapua kabla ya mtetemo wa pili.)

Mama! Mama, kwa heshima zote, tulikubaliana. Hapa tunazindua huduma ya watu kusikilizwa, na wewe unazuia watu wasinisikilize.

(Mama Mfagizi, kiganja juu ya simu: "Mheshimiwa, ndiyo hii mnayoizindua." Kisha, kwenye simu: "Nipo, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Umekula?")

Kimsingi, sauti hiyo... Mwalimu. Mwalimu, hebu simama unisaidie. Sauti hiyo naijua.

(Mwalimu wa Michoro anasimama: "Mheshimiwa, Kifutio alipochora bango alihitaji tarakimu kumi aone zinakaaje. Ukutani kwetu, kando ya mlango, pameandikwa nambari ya mama, ukikuta darasa limefungwa umpigie. Akaiazima hiyo. Na akaandika kwa penseli pale pembeni: nambari ya mfano, ofisi iweke ya kweli." Kifutio, kwa sauti nyembamba: "Ndiyo nilichokuwa nataka kukuambia, mheshimiwa. Nikaitwa mbishi.")

Yale ya kona ya chini. Wale sisimizi.

(Mwalimu: "Ndiyo hao. Mabango yakatoka, watu wakaanza kumpigia. Tuliandika barua saba kwenu. Mama akasema wakati barua zinatembea, hawa wapigaji wafanye nini? Akaenda zahanati kwa miguu yake, akamuuliza muuguzi aseme nini na asiseme nini, akaandika juu ya karatasi ya sabuni. Amuulize mtu waziwazi. Asimwache peke yake. Amfikishe kwa muuguzi. Karatasi hiyo anayo mfukoni hadi leo. Miezi kumi na moja, mheshimiwa, anafagia kwa mkono mmoja. Kama sisi hapa chuoni tumefundisha usanifu wowote, aliyeuelewa ni yeye.")

Barua saba nilizipokea. Niliziundia kamati ndogo.

(Mama Mfagizi ametoka na simu ukumbini, lakini mlango haufungiki sawasawa tangu mwaka jana, na sauti yake inasikika: "Hapana, hunichoshi. Siku mbili hizi nimekuwaza. Uko wapi sasa hivi? Uko na nani?")

Ndugu zangu, hapa kwenye hotuba iliyoandikwa nina kurasa tisa zimebaki, kuhusu awamu ya pili ya upanuzi. Nitaziruka. Watu wangu wa habari wanisamehe. Twende moja kwa moja kwenye kaulimbiu, ambazo mmegawiwa kwenye vikadi, mimi naanza, ninyi mnamalizia, kwa sauti ya kishindo itakayosikika hadi ng'ambo ya pili. Ukilemewa!

(Ukumbi, kwa kishindo: "Sema!" Mama Mfagizi anachungulia mlangoni, kidole mdomoni: "Jamani. Simsikii mtoto.")

Samahani, mama. Samahani sana. Tutazitoa kwa kunong'ona. Ukilemewa.

(Watu mia tatu kwa kunong'ona: "Sema.")

Ukisema.

("Utasikilizwa.")

Utasikilizwa na nani?

(Kwenye kadi imechapwa "Na Idara." Ukumbi unanong'ona: "Na mama." Makamu Mwenyekiti peke yake anasema "Na Idara," kisha anaigeuza kadi yake juu chini.)

Imebaki shukrani. Naishukuru meza kuu kwa kukaa. Namshukuru fundi mitambo, mvumo umekwisha, au nimeuzoea. Nawashukuru wajumbe wa vikao arobaini na vitatu, ambao, naomba mwandishi wa kumbukumbu aandike hivi nisemavyo, hawakuzalisha kituo, wala afisa, wala simu, wala waya. Simu ya Faraja haipo, ndugu zangu. Haijawahi kuwepo hata siku moja. Nimekuja na utepe na mkasi kuzindua nambari ya mfano. Kilichokuwepo ni mama mmoja na simu yake ya kubonyeza, na kama nisingefuta ile penseli hata yeye asingekuwepo, na kwa miaka ishirini na sita ya utumishi hilo ndilo kosa langu la pekee lililomfaa mtu.

Kifutio, binti yangu, nisamehe. Nitolee picha yangu kwenye bango, urudishe ule weupe. Mwalimu, umesema anafagia kwa mkono mmoja. Kesho saa mbili nitakuwa zahanati kumwomba muuguzi atufundishe wapokeaji, nami nitakaa mstari wa mbele na daftari, na safari hii miwani sitaisahau. Na Jumapili mchana mama apumzike. Asinisubiri kwenye simu. Nitakuja mwenyewe kwenye lile benchi la uani, sitakuja kukagua. Mayai nitachemsha kabla ya kuondoka nyumbani.

(Mwanzo wa makofi.)

Hapana, msipige. Msipige makofi. Tegeni sikio.

(Kutoka nje: "Shangazi yako ameshafika hapo? Mpe simu niongee naye. Halafu unirudie wewe. Siendi popote.")

Nilikuwa na la mwisho la kusema, lakini nanyamaza. Mama anasikiliza.